Kutoka Kwenye Kopo

Fundi Semboja, weka chini hiyo kamba.
Peva sitaki.
Najua ziko tayari kwenye lori,
najua bei umenipunguzia,
na jirani yangu hapa Sahare kafunika uwanja wote, ukang'aa,
masika ikaja, ikakosa pa kuzama,
ikabisha hodi sebuleni.

Acha udongo wazi. Huu ni wangu.
Miaka thelathini na moja nimelala nyumba za serikali,
Chumbageni, Korogwe, Chumbageni tena,
na kila nilipohamishwa nilibeba bustani mikononi:
kopo la samli, kopo la rangi,
beseni lililotoboka, sufuria iliyong'oka mkono.
Mkunga hapandi mti.
Mti hausomi barua ya uhamisho.

Haya, zima simu, picha nimeiona.
Mawaridi hayo yamekulia kwenye baridi.
Kusi ikivuma hapa huja na chumvi kwenye nguo,
waridi litabaki miiba na lawama.
Upande huo panda mkadi, nyuma yake mchongoma,
wao wamezoea kupigwa usoni.
Nyasi za kapeti? Azikate nani, na kwa maji gani?
Tandaza ukoka. Ukoka haubembelezwi.
Mchaichai hapa, yanapomwagika maji ya kufulia;
wanasema unafukuza mbu,
mimi naujua kwenye birika.
Mrehani chini ya dirisha la jiko,
nikipika uniguse bila kuuita.

Na huo mpapai.
Unaniapia kuwa ni jike.
Una kimo cha kiganja, haujatoa ua, nawe unaapa!
Baba wangapi wameniapia hivyo
kwa umbo la tumbo, kwa ndoto ya shangazi,
nami nikawaambia: kaa kwenye benchi, tutaona.
Panda mitatu. Tutaona.

Mzambarau uweke kule mwisho, mbali na karo.
Umetabasamu.
Umepiga hesabu ya umri wangu na ya mzambarau.
Mimi pia nimeipiga.
Chimba.

Sasa lete lile kopo la mwisho. Taratibu.
Usilishike shingoni, lishike chini,
kama
basi lishike chini.

Huu mwasumini nilipewa na Mwanakombo wa Mwambani.
Kitanda cha nne, usiku wa mvua,
taa ilikatika, tukawasha karabai.
Mtoto hakulia.
Nilimpiga nyayo, nilimpulizia, nilimwita kwa jina ambalo hakuwa nalo.
Hakulia.
Wiki ya pili mama yake akarudi, peke yake, kwa miguu,
na kijiti kimefungwa kwenye kitambaa kibichi.
Hakusema neno. Sikumuuliza.
Nilitafuta kopo.

Miaka kumi na tisa.
Kata hilo bati, polepole, fuata kutu.
Loo, tazama.
Mizizi imezunguka, imezunguka, ikakosa mlango,
ikawa kopo lenyewe,
hata alama ya mshono wa bati imeichukua.

Unasema tukiupanda hivi utaendelea kuzunguka,
hata ukipewa shamba zima.
Unasema lazima ipasuliwe.
Nakusikia.
Nipe hicho kisu. Hapana, nipe mimi.
Hiki butu; ndani kuna wembe mpya, juu ya kabati.

Huku. Na huku.
Na hapa pembeni, kidogo.
Mkono haujasahau, Semboja, ni macho tu.

Mshushe.
Rudisha udongo kwa vidole, usishindilie kwa mguu.
Maji kikombe kimoja, kisha kingine baada ya swala.
Majani yatalegea, usiniogopeshe, nayajua,
siku tatu za kwanza ni zake.

Chukua ujira wako, na peva zako,
salimia nyumbani.
Mimi saa nane usiku nitaamka tu,
zamu haijanitoka mwilini.
Nitawasha tochi,
nitatoka nimwangalie.